Jinsi ya Kupima Paleti Ghali ya Rangi za Macho Kabla ya Kulipa

Mwanamke anayenunua kitenge katika soko la Mwanga hapa Kigoma haanzi kwa kuuliza bei. Kwanza hukigeuza kitambaa aone kama rangi imepenya hadi upande wa pili, hukifinyanga kiganjani na kukiachia aone kama kinabaki na makunyanzi, kisha hukisogeza mlangoni penye mwanga wa jua, na baada ya hapo ndipo mazungumzo ya shilingi huanza. Uangalifu huohuo tunausahau tunapoagiza rangi za macho kutoka nje, kwa sababu hatuzishiki mkononi, na picha zake huwa nzuri mno. Ninapamba maharusi Mwanga, Ujiji na Kibirizi, na wasichana wanaoanza kazi hii huniuliza mara kwa mara kama zile paleti, yaani makasha yenye rangi kadhaa za macho, za kampuni ndogo za nje, zinazouzwa dola 50, 60 au zaidi, zinastahili pesa hiyo. Baadhi zinastahili. Lakini thamani yenyewe kwa kawaida imo katika rangi mbili au tatu kati ya zote, na kazi ya mnunuzi ni kuzitambua hizo mbili tatu kabla hajazilipia zote kumi na mbili.

Hatua ya kwanza: tambua unalipia nini

Kampuni ndogo hununua malighafi kwa kilo badala ya tani, hushindilia unga kwa mkono au kwa mashine ya mezani, na huchapisha masanduku machache, kwa hiyo bei yake hupanda hata pale ambapo unga uliomo hautofautiani na ule wa kiwanda kikubwa. Hilo si kosa lao, ila halikuongezei wewe chochote usoni. Wako pia wanaonunua paleti iliyokwisha kutengenezwa kiwandani na kubandika jina lao kwenye kifuniko. Hao utawagundua ukikuta paleti yenye rangi zilezile, kwa mpangilio uleule na nakshi ileile juu ya unga, ikiuzwa na kampuni nyingine kwa nusu ya bei. Chukua picha ya paleti unayoitamani uitafute kwa picha kwenye intaneti kabla ya jambo lingine lolote. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Ukiridhika kwamba kampuni inatengeneza bidhaa yake yenyewe, zigawe rangi za paleti hiyo kwa aina, kwa sababu kila aina ina sababu yake ya kuwa ghali au kutokuwa ghali.

Rangi mati, yaani zisizometa, hutengenezwa kwa unga wa talki au maika, madini ya asili yanayosagwa, uliochanganywa na oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, ambazo zikichanganywa kwa vipimo mbalimbali hutoa karibu kila kahawia unayoijua. Oksidi hizo ni zilezile katika paleti ya shilingi 15,000 na katika ile ya shilingi 150,000. Kinachotofautiana ni usagaji, kiasi cha unga mweupe wa kujazia, na kile kinachoufunga unga usitimke hovyo. Tofauti hiyo ipo kweli, naiona kila wiki ninapofanya kazi, lakini kwa kahawia za kawaida haifiki mara kumi ya bei, na paleti ghali iliyojaa kahawia mati tupu simshauri mtu ainunue. Ziko mati chache ambazo natoa pesa bila kusita: zambarau iliyokolea, buluu ya usiku na kijani kibichi kizito. Hizo ni ngumu kutengeneza. Katika paleti rahisi hutoka na mabaka, sehemu imekolea na sehemu haikushika, na ukijaribu kuzisambaza kwa brashi zinaondoka kabisa. Ukikuta zambarau mati inayotandazika sawasawa kwenye ngozi nyeusi, umekuta kitu.

Rangi za kumeta za kawaida ni vipande vyembamba vya maika vilivyopakwa dioksidi ya titani au oksidi ya chuma, na siku hizi zilizo nzuri zinapatikana hata kwa bei ndogo, kwa hiyo nazipita haraka.

Zinazobaki ni zile ninazoziita rangi kinyonga, zinazogeuka kutoka zambarau kwenda shaba kwenda kijani mvaaji anapogeuza kichwa. Ukisimama ufukweni Kibirizi asubuhi boti zinapopakia, utaona dizeli iliyodondoka majini ikitoa rangi za zambarau, kijani na dhahabu, na ukisogea hatua moja rangi hizo hubadilishana nafasi. Dizeli haina rangi hizo. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando wa mafuta hukutana na unaorudi kutoka chini yake, na unene wa utando pamoja na pembe unayotazamia ndivyo vinavyoamua rangi ipi ikolee na ipi ifutike. Rangi kinyonga hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: ni vigae vidogo mno vilivyopakwa matabaka yenye unene uliopimwa kwa usahihi mkubwa, na usahihi huo ndio gharama. Hapa bei ina sababu yake. Kuna pia habari njema kwetu, nayo ni kwamba rangi hizi huonekana vizuri zaidi zikiwa juu ya msingi mweusi, hivyo kwenye ngozi iliyokolea hujitokeza zenyewe, wakati mwenye ngozi nyeupe hulazimika kupaka wanja mweusi chini yake kwanza.

Hatua ya pili: hesabu rangi utakazozitumia kweli

Chukua karatasi, andika kila rangi iliyomo, kisha mbele yake andika nguo, mteja au shughuli ambayo ungeitumia. Rangi isiyo na kitu mbele yake ifute. Usijidanganye kwa maneno kama “huenda siku moja”. Kama hujawahi kuombwa kijani cha limau na bibi harusi yeyote hadi leo, paleti haitamleta huyo bibi harusi. Futa pia rangi ambayo tayari unayo inayofanana nayo, na ili kuhakikisha, toa ile ya kwako uiweke kando ya picha.

Sasa fanya hesabu. Tuseme paleti ina rangi 12, kila kisahani, yaani kile kibati kidogo kinachobeba rangi moja, kina gramu 1.5, na bei ni dola 60. Kwa gramu inaonekana nafuu, kwa kuwa gramu 18 kwa dola 60 ni kama dola 3.30 kwa gramu, ilhali kisahani kimoja kinachouzwa peke yake kwa dola 8 ni zaidi ya dola 5 kwa gramu. Lakini kama karatasi yako imebakiza rangi nne, kila moja kati ya hizo umeinunua kwa dola 15, na ungeweza kuzipata zote nne, moja moja, kwa dola 32. Gramu hazina maana kubwa katika biashara hii, kwa sababu rangi ya macho huisha polepole mno. Kwa muda wote niliofanya kazi hii, visahani nilivyovitumia hadi bati la chini likaonekana ni vya kahawia ya mkunjo wa kope na vya rangi ya msingi inayokaribia ngozi. Kisahani cha rangi ya kumeta sijawahi kukimaliza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua paleti nzima, angalia kama kampuni hiyo inauza visahani kimoja kimoja. Kampuni nyingi ndogo hufanya hivyo, na Clionadh ya Kanada, inayojulikana hasa kwa rangi kinyonga, ni mojawapo. Kisahani cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 26 ndicho cha kawaida, na hukaa kwenye kasha lolote la sumaku, hata kama vimetoka kampuni tofauti.

Hatua ya tatu: soma maandishi ya nyuma

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo iliyoniumiza. Niliwahi kununua paleti ya rangi kali kutoka kwa kampuni moja ya nje ambayo sitaitaja, nikampaka mdogo wake bibi harusi waridi kali katika sherehe moja ya Ujiji. Ilipendeza sana ukumbini. Usiku nilipomfuta kwa mafuta, unga wote ulitoka lakini waridi lilibaki ndani ya ngozi, kope zote mbili, kama mtu aliyekuwa akilia siku tatu. Tulifuta kwa mafuta, tukafuta kwa maji ya uvuguvugu, na nilipoona ngozi inaanza kuwa laini na nyekundu kwa kusuguliwa nikaacha. Lilichukua siku mbili kuisha, na msichana yule kesho yake alitakiwa kurudi shuleni. Nilipogeuza kasha nyumbani nilikuta imeandikwa, kwa herufi ndogo kuliko chungu, kwamba rangi tatu kati ya zilizomo hazikukusudiwa eneo la macho.

Maana yake ni hii. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha baadhi ya rangi nyekundu, waridi na zambarau kutumika kuzunguka jicho, ingawa nchi za Ulaya huziruhusu baadhi yake. Kampuni inayotaka kuuza rangi hizo Marekani huziita pigmenti badala ya rangi za macho na kuweka onyo. Zitafute kwa namba zinazoanza na CI, yaani Colour Index, orodha ya kimataifa ya rangi, maana namba ni zilezile duniani kote: CI 15850 na CI 45410 ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. Kuwepo kwake si lazima kuwe sumu, lakini ni ishara kwamba rangi hiyo inaweza kuacha doa, na mteja ana haki ya kuambiwa kabla hajafumba jicho.

Namba nyingine zinazofaa kukaririwa ni CI 77491, 77492 na 77499, ambazo ni oksidi za chuma nilizozitaja, nyekundu, njano na nyeusi kwa mfuatano huo, na CI 77891, ambayo ni dioksidi ya titani, yaani ile nyeupe. CI 75470 ni kamini, rangi nyekundu inayopatikana kwa kuwasaga wadudu wanaoishi kwenye mipungate. Hapa Ujiji nina wateja ambao kwa imani yao wasingependa kupakwa mdudu, na ni heshima kujua jibu kabla ya kuulizwa. Ukiona alama ya kujumlisha na kutoa ikifuatiwa na namba nyingi, ujue kampuni imeorodhesha rangi zote za paleti kwa pamoja, na huwezi kujua ipi imo katika kisahani kipi, waandikie uwaulize. Kampuni ndogo yenye kujiheshimu hujibu swali hilo, na isiyojibu imekujibu pia.

Viambato vya mwanzo huandikwa kwa kufuata wingi wake. Ikiwa rangi inayotangazwa kuwa ya kipekee inaanza na talki, kisha maika, kisha oksidi za chuma, basi unatazama rangi ya kawaida yenye jina zuri. Rangi kinyonga ya kweli mara nyingi itakuwa na maika ya kutengenezwa kiwandani, ambayo kwenye lebo ni neno refu linalotanguliwa na Synthetic. Maika hiyo ina faida nyingine inayonigusa: uchimbaji wa maika ya asili nchini India na Madagaska umehusishwa kwa miaka mingi na ajira ya watoto, na kampuni inayoeleza wazi inakotoa maika yake naipa uzito zaidi.

Hatua ya nne: zitazame picha kwa macho makavu

Picha ya mkono uliopakwa mistari ya rangi inaeleza machache sana. Mistari hiyo hupakwa kwa kidole, kwa unga mwingi, juu ya praima, yaani krimu ya msingi inayopakwa kabla ya rangi, inayonata, na mara nyingi kwenye ngozi nyeupe. Tafuta jicho, si mkono. Tafuta jicho la mtu mwenye ngozi kama yako au ya wateja wako, kwenye mwanga wa dirishani, na kama ni rangi kinyonga dai video, kwa sababu picha moja haiwezi kuonyesha mgeuko. Isimamishe video kila sekunde uone kama rangi inageuka kweli au ni taa tu inayohamishwa.

Kwenye ngozi nyeusi jambo la kuogopa ni majivu. Mtengenezaji aliyejaza unga mweupe ili rangi ionekane laini kwenye mkono mweupe ametengeneza rangi itakayotupausha sisi. Waridi hafifu hugeuka chokaa, na kahawia ya maziwa hugeuka vumbi la barabarani. Kampuni zilizoanza na ngozi yetu akilini huwa salama zaidi kwa upande huu, na mfano ninaopenda kuutoa ni Juvia's Place, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Chichi Eburu, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Marekani, ambayo wala si ya bei ya juu. Ni kipimo kizuri: paleti ya dola 60 inatakiwa kukufanyia kitu ambacho yenye bei ya chini kama hiyo haikufanyii, na kama huwezi kukitaja kitu hicho kwa sentensi moja, subiri kwanza.

Hatua ya tano: ongeza gharama za njiani

Bei iliyoandikwa kwenye duka la mtandaoni ni ya mtu anayeishi jirani na duka. Wewe ongeza usafirishaji hadi Dar es Salaam, ushuru wa forodha, kodi ya VAT ambayo kwa kawaida ni asilimia 18, na nauli ya kifurushi kuja Kigoma. Tukichukulia dola moja ni shilingi 2,500, paleti ya dola 60 ni shilingi 150,000, na ikiwa usafirishaji pekee ni dola 25, umeshafika shilingi 212,500 kabla ya ushuru na kabla kifurushi hakijapanda basi. Ndiyo maana tunaagiza wapambaji wawili watatu kwa pamoja. Kama unaagiza kwa ajili ya kuuza na si kutumia mwenyewe, kumbuka kwamba tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa inatakiwa kusajiliwa huko.

Safari yenyewe ni hatari kwa unga. Kutoka Dar hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na rangi kinyonga nyingi hushindiliwa kwa ulaini ili zishike kidoleni, kwa hiyo hupasuka upesi. Mwombe muuzaji aweke pamba bapa juu ya unga ndani ya kifuniko, na mwambie wakala wa Dar asiifungue. Mati iliyopasuka inatengenezeka: iponde iwe unga tena, dondoshea spiriti ya duka la dawa hadi iwe uji mzito, ifunike kwa kitambaa safi, ikandamize kwa sarafu, uiache wazi hadi kesho. Kinyonga yenye mafuta mengi haikubali tiba hiyo vizuri, na hulegea.

Hatua ya sita: ijaribu siku inapofika

Kabla ya kugusa chochote, piga picha za kila kisahani, ili kama kuna kilichovunjika au kisichofanana na tangazo uwe na ushahidi wa kudai. Kisha jipake mwenyewe, usianze na mteja. Paka jicho la kulia juu ya praima na la kushoto bila praima, saa nane mchana, uendelee na shughuli zako za kawaida. Joto la Kigoma pamoja na unyevu wa ziwa ni mtihani mgumu kuliko maabara. Ukipaka, tazama shavuni kama kuna vumbi lililodondoka. Sambaza kingo kwa brashi safi uone kama rangi inafifia taratibu au inatoweka yote. Na baada ya hapo usiguse tena hadi saa mbili usiku.

Saa mbili usiku tazama mkunjo wa kope. Ikiwa rangi imejikusanya humo kama mstari kwenye jicho lenye praima, paleti hiyo haiwezi kazi ya sendofu, ambako bibi harusi hupambwa mchana na huingia ukumbini usiku. Jipige picha moja kwa fleshi ya simu na moja bila fleshi, kwa kuwa silika na dioksidi ya titani hurudisha mwanga wa kamera na huweza kukupa kope nyeupe kwenye picha ambazo familia itazihifadhi miaka mingi. Mwisho futa macho yote mawili kwa mafuta, uende dirishani asubuhi uangalie kama kuna doa.

Rudia jaribio hilo kwa kila rangi iliyobaki kwenye ile karatasi ya hatua ya pili, na rangi itakayoshindwa iwekee alama ya kalamu nyuma ya kasha. Hapohapo nyuma huandika pia tarehe niliyofungua, kwa sababu ile alama ya kikopo kilichofunuliwa yenye 12M au 24M huhesabu miezi kuanzia siku hiyo, si siku uliyolipa.